Kumhoji askari mstaafu kuhusu ubaguzi wa rangi na siasa jeshini: mwongozo kwa anayeanzia Dar es Salaam

Askari aliyekuwa na miaka 20 siku ya maasi ya jeshi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, Jumatatu ya tarehe 20 Januari 1964, leo ameshapita miaka 80. Waliokwenda kupigana Burma katika Vita vya Pili wakiwa na Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, tunawapata zaidi kwa midomo ya watoto wao. Muda umebaki mchache, na mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwandishi au mjukuu anayetaka kuwarekodi wazee hawa wakieleza ubaguzi wa rangi waliouona jeshini na siasa walizokuwa nazo, kisha arudi na maneno ya kuaminika.

Mahojiano ya aina hii huharibika mara nyingi kwa kosa lile lile. Mhoji anauliza, "Mzee, kulikuwa na ubaguzi?" Mzee anajibu, "Hapana, jeshi ni amri." Basi, mlango umefungwa. Mzee hajadanganya. Alikulia katika mpangilio ambao Mzungu anaamuru na Mwafrika anatii, akauona ndio jeshi lenyewe. Ukitaka ubaguzi, uliza sahani, kiatu, mshahara, kitanda, na jina aliloitwa. Hapo ndipo ubaguzi ulipokaa.

Nani wa kumhoji, nani wa kumwacha

Mwanajeshi aliye kazini mwache kabisa. Ibara ya 147(3) ya Katiba inamkataza kujiunga na chama chochote cha siasa, ila haki ya kupiga kura anayo. Ibara ndogo ya 4 inahesabu humo pia polisi, magereza na JKT. Ukimuuliza afande wa sasa anapenda chama gani, jibu lolote atakalotoa linaweza kumgharimu kazi, na hata kukataa kujibu kunaweza kusomwa vingine na wenzake.

Mstaafu ni raia kama wewe, chama ruksa. Siri za jeshi lakini bado zimemfunga, na wewe pia Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakuhusu. Mazungumzo yakielekea kwenye silaha, ramani za kambi, idadi ya vikosi au operesheni za karibuni, zima kinasa, mwambie kwa adabu kwamba hayo hukuyajia, rudisha mazungumzo kwenye maisha yake. Usipige picha ya kambi wala ya geti lake. Lugalo, ambayo ndiyo iliyokuwa Colito, iko kando ya barabara kubwa na daladala zinapita siku nzima. Hilo lisikudanganye ukatoa simu dirishani.

Wagawe wahojiwa wako katika makundi matatu, kwa sababu maswali yao hayafanani. La kwanza ni watoto na wajane wa askari wa King's African Rifles, yaani Keya. La pili ni waliokuwa Tanganyika Rifles kati ya uhuru na Januari 1964. Hawa wamebaki wachache na waanze wao. La tatu ni wa JWTZ, jeshi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, wakiwemo waliopigana Kagera mwaka 1978 na 1979.

Kuwapata, anza na barua ya utambulisho kutoka chuoni au ofisini kwako, uifikishe ofisi ya serikali ya mtaa wanakoishi. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wanajua nyumba ya kila mwanajeshi mstaafu. Vyama vya wanajeshi wastaafu, msikiti na kanisa vitakupa majina zaidi. Usiende kwa mzee bila mtu anayemfahamu. Kijana mgeni anayeuliza habari za jeshi mlangoni huonekana mpelelezi, na ukishapewa jina hilo mtaani halitoki.

Hapa kuna mtego. Mzee wa kwanza atakupeleka kwa rafiki yake, rafiki atakupeleka kwa mwenzake wa kombania moja, na baada ya mwezi utakuwa na watu 10 wenye simulizi moja. Kila unapomaliza watu 3, omba jina la mtu ambaye hawakuelewana naye jeshini. Changanya vyeo: ukiwa na makapteni na mameja watupu, utapata historia ya mesi ya maofisa tu. Tafuta mpishi, dereva, fundi wa magari, mpiga tarumbeta.

Mtego huu haukwepeki hata ukiwa na watu wengi. Mwaka 2019 gazeti la Marekani la Military Times liliwauliza wanajeshi walio kazini kuhusu ubaguzi ndani ya jeshi lao. Walijibu 1,630, na asilimia 36 wakasema wameshuhudia wenyewe dalili za itikadi ya ubora wa weupe au ubaguzi wa namna hiyo. Mwaka uliotangulia ilikuwa asilimia 22. Takwimu hizo zilisambaa kana kwamba ni za jeshi zima. Walioulizwa walikuwa wasomaji wa gazeti hilo waliokubali kujibu, na kuruti asiyesoma gazeti hayumo. Ukiandika yako, andika hivi: "wazee 9 niliowahoji Temeke na Kinondoni, 7 kati yao askari wa kawaida," kamwe usiandike "wanajeshi wa Tanganyika walisema".

Jua haya kabla hujabisha hodi

Mzee akigundua hujui kitu, atakufundisha shule ya msingi na muda utakwisha. Akigundua unajua, atakusahihisha, na masahihisho yake ndiyo dhahabu.

Kwa upande wa Keya, jua kwamba kikosi kiliundwa 1902, kwamba askari Waafrika walikwenda peku au kwa makubazi hadi zama za Vita vya Pili, na kwamba walichapwa viboko wakati jeshi la Uingereza lilishawaondolea askari wake wazungu adhabu hiyo mwaka 1881. Jua hesabu ya kiinua mgongo baada ya vita: askari mzungu wa cheo cha chini aliyetoka kwenye makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Jua pia habari za wafu. Sanamu ya Askari pale Posta iliwekwa 1927, na maandishi yake yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili hicho kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Nenda ukaisome kabla ya mahojiano. Haina jina hata moja la askari wala la mpagazi. Kisha nenda makaburi ya vita kando ya Barabara ya Bagamoyo, uone mawe yaliyochongwa majina. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao hawakushika hata bunduki: walibeba mizigo. Kariakoo imepata jina kwao, Carrier Corps ikatamkwa kwa ulimi wetu.

Kwa upande wa Colito, kichwani kwako ziwemo tarehe na tarakimu. Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia wote wa Tanganyika watapimwa kwa tabia na uwezo, rangi isiwe kigezo tena katika ajira ya serikali. Mapinduzi ya Unguja yakafuata tarehe 12. Tarehe 20 batalioni ya kwanza ikaasi: askari wa kawaida alikuwa akilipwa shilingi 105 kwa mwezi na walitaka 260, na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Kamanda alikuwa Brigedia Sholto Douglas. Waasi walimtaka ofisa Mwafrika, Elisha Kavona, awe mkuu wao. Waziri aliyekwenda kuzungumza nao alikuwa Oscar Kambona. Waingereza walipakiwa kwenye ndege kwenda Nairobi. Tarehe 21 Tabora nako kukawaka. Alfajiri ya tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur na kuwanyang'anya waasi silaha. Kisha likaja jeshi la Nigeria kulinda hadi jeshi jipya lilipoundwa chini ya Mirisho Sarakikya.

Tazama mambo mawili yanavyogongana hapo. Rais anatangaza rangi isihesabike, na askari anayeamuriwa na Mwingereza analiona tangazo hilo kama hati ya kumbakiza Mwingereza. Mhoji asiyelijua hili huuliza, "Mlitaka mshahara au mlichukia Wazungu?" kana kwamba ni vitu viwili. Kwa aliyekuwa akipokea 105, vilikuwa kitu kimoja.

Kuna na upande ambao wengi huukwepa. Siku hiyo ya maasi maduka ya Wahindi na Waarabu mjini yalivunjwa na watu waliuawa. Mtu aliyebaguliwa naye anaweza kubagua, na mwongozo usiosema hivyo haufai kitu. Swali hili liulizwe, ila mwishoni mwa ziara ya pili, na liwe la macho: "Siku ile mjini uliona nini? Mwenye duka jirani yenu alikuwa nani? Alirudi kufungua lini?"

Ziara ya kwanza ni ya salamu

Nenda bila kinasa. Shikamoo kwanza, hata kama wewe mwenyewe una wajukuu. Wengine wanapenda "Mzee" au "Babu", wengine wanataka "Afande" hadi leo. Sikiliza nyumbani wanamwitaje, ufuate. Usiende mikono mitupu: kilo 2 za sukari au majani ya chai vinatosha. Pesa usitoe kabla ya mahojiano, maana mzee atahisi ananunuliwa maneno na ataongeza chumvi ili upate haki ya pesa yako. Nauli ya kumleta mahali ni sawa.

Ziara hii iwe dakika 40. Eleza unataka nini, sauti itakaa wapi, nani ataisikia. Muulize kama kuna karatasi au picha za zamani, usizidai. Angalia chumba: pangaboi linalia? Dirisha linatazama kituo cha bodaboda? Adhana inasikika kwa nguvu? Panga ziara ya pili saa 3 asubuhi au baada ya alasiri, siku isiyo Ijumaa kwa Mwislamu wala Jumapili kwa Mkristo.

Kinasa na karatasi

Simu mbili zinatosha, zote zikirekodi, ili moja ikizima usipoteze kazi. Weka hali ya ndege, chaji iwe juu ya asilimia 80, nafasi ya kumbukumbu iwe angalau GB 2. Simu ya kwanza iwe sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Ikikaa juu ya meza ya mbao, kila kikombe kinachowekwa hulia kama ngoma. Zima pangaboi, mpe mzee kipepeo cha mkono. Rekodi nusu dakika, sikiliza kwa spika ya masikioni, ndipo uanze. Tamka tarehe, mtaa na jina mlilokubaliana. Kikao kisizidi dakika 75. Mzee akianza kujibu kwa neno moja moja, funga.

Akitoa karatasi, ishughulikie kama yai. Cheti cha kuachishwa jeshi cha zama za Keya kwa kawaida kimekunjwa mara tatu, na mikunjo imeshachanika. Usikibane kwa nguvu wala usiweke gundi ya selotepu. Kilaze juu ya karatasi nyeupe karibu na mlango, mwanga wa jua usikipige moja kwa moja, piga picha bila flashi, mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni. Soma safu ya kabila, safu ya tabia, na safu ya cheo. Safu ya kabila peke yake ni swali: kwa nini jeshi lilitaka kulijua, na makabila gani lilipenda kuandikisha? Ukioneshwa nyota ya shaba yenye pembe sita na utepe wa bluu iliyokolea, mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, hiyo ni nishani ya Burma. Usigeuze nyuma ukitafuta jina. Uingereza haikuchonga majina kwenye nyota hizo, kwa hiyo yenyewe haithibitishi mwenyewe ni nani.

Maswali

Kila swali liwe la kitu kinachoonekana, na moja kwa wakati. Kwa mfano: Asubuhi mlipewa nini kula? Kilipikwa wapi? Waingereza walikula wapi, na nani aliwahudumia? Ulilala chumba cha watu wangapi? Buti za kwanza ulipewa lini? Aliyekuamuru alikuitaje: kwa jina, kwa namba, au kwa neno jingine? Mshahara ulilipwa mezani na nani, ukasaini wapi? Mwafrika wa kwanza kumpigia saluti kama ofisa alikuwa nani, na siku hiyo kambini walisemaje? Swali hili la mwisho ni zuri kuliko yote kwa kundi la pili, kwa sababu kabla ya 1957 Mwafrika aliishia vyeo vya chini; mwaka huo likaanzishwa daraja la efendi, la katikati, lisilo la ofisa kamili.

Mwombe arudie amri kwa maneno yale yale aliyoyasikia. Keya ilikuwa na Kiswahili chake, kifupi na cha mkato, na Mzungu aliyekuwa akikiongea alikisema kwa namna ambayo mzee bado anaweza kuiiga. Sauti ile ya kuiga itakuambia kuhusu heshima jeshini kuliko kurasa 10 za maelezo. Usicheke kabla yake.

Akisema "walitutendea vizuri", andika, halafu uliza: "Kwa mfano?" Ukimya usiuogope. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kuuliza jingine.

Nani anauliza ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1942 huko Memphis, Marekani, watu weusi waliulizwa kama jeshi linawaonea weusi. Waliohojiwa na mweusi mwenzao, asilimia 35 walijibu ndiyo. Waliohojiwa na mzungu, asilimia 11. Swali lile lile, mji ule ule. Kwa hiyo mtafiti wa Ulaya akija na mkalimani, hata awe mwema vipi, atapata majibu ya mgeni. Hapa kwetu iangalie pia familia: mtoto aliye kada wa chama akikaa mlangoni, jibu la siasa litabadilika, mke akiwepo, ya mitaani hayatasemwa. Omba kwa upole mkae wawili. Andika kwenye daftari nani alikuwepo na aliingia dakika ya ngapi.

Siasa

Usiulize chama. Uliza kadi. Zama za Keya askari hakuruhusiwa siasa. Baada ya maasi jeshi jipya lilijengwa likiwa karibu na TANU, vijana wa chama wakaandikishwa, matawi yakafunguliwa makambini, na wanajeshi wakawa wakuu wa wilaya na mikoa. Mwaka 1992 vyama vingi vikaja na mlango huo ukafungwa. Kwa hiyo: Kadi ulipewa lini, nani alikukabidhi, mlikuwa wangapi siku hiyo? Aliyekataa alifanywaje? Darasa la siasa lilikuwa saa ngapi, mlifundishwa nini kuhusu Makaburu na Wareno? Mwaka 1992 kadi uliifanyaje? Swali hili la kadi limezaa majibu marefu kuliko lolote kuhusu itikadi, kwa sababu mtu hukumbuka mkono wake ulifanya nini.

Usibishane. Mzee akisifu Waingereza au akiwatukana Wahindi, kazi yako ni kuuliza alijifunzia wapi na lini. Ukikunja uso, utapata siasa za kukuridhisha wewe.

Kuhakiki

Kumbukumbu huteleza kwenye tarehe, na mara chache kwenye mpangilio. Badala ya mwaka, tumia vigingi: kabla au baada ya Mapinduzi ya Unguja? Mlikuwa mmefunga? Maasi yaliangukia siku za mwanzo za Ramadhani, na mpishi wa kambi hasahau. Anayesema alikuwa Colito muulize walioshuka kwa helikopta walikuja saa ngapi. Akisema usiku wa manane, usimkane, weka alama. Linganisha na magazeti ya wakati huo na majalada yaliyo Nyaraka za Taifa, Upanga. Ukitofautiana na jalada, chapisha yote mawili. Jalada liliandikwa na Mwingereza aliyekuwa akilinda kiti chake.

Kunukuu saa 1 ya sauti kunakula saa 5 hadi 6. Andika alivyosema, na lafudhi yake, usimsanifishie.

Ridhaa na kuhifadhi

Rangi, kabila na msimamo wa kisiasa ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fomu iwe ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti huku kinasa kikiwaka. Iwe na chaguo nne: jina kamili, jina la bandia, sauti ifungwe hadi afariki, au ifutwe. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini. Mwache na nakala. Jina halisi likae kwenye daftari peke yake, faili la sauti lipewe namba tu, na nakala ziwe tatu sehemu tofauti, mojawapo nje ya mtandao. Usimrushie mtu kipande kwenye WhatsApp hata kwa dakika moja.

Rudi baada ya wiki mbili umsomee maandishi. Atafuta kitu, mwachie afute, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote. Akifariki kabla hujamsomea, chaguo lake kwenye fomu linasimama kama alivyoliacha. Watoto wapewe sauti kama aliruhusu, na kipande alichokifunga kibaki kimefungwa, hata wakikuomba msibani.